Kitabu cha Mpima Maji

Mudar hulala na rimoti kifuani.
Saa kumi na moja alfajiri, Malmö bado giza,
mtangazaji ameshaamka kabla yetu:
kumi na wanne Hasaka, sita Deir ez-Zor,
na mstari mwekundu unakimbia chini ya kioo
kama chungu waliomwagiwa maji ya moto.
Navaa koti, nakwenda kufua
mashuka ya hospitali.

Miaka tisa nimesikiliza.
Niulize nimejua nini.
Makombora nayajua kwa mlio,
majenerali kwa masharubu.
Moshi nimeonyeshwa, na moto pia;
aliyekata kuni, na lini,
na kwa nini nyumba ya baba ilihamwa
kabla ya risasi ya kwanza,
hilo hakuna aliyelitangaza.

Kitabu nilikiokota maktabani, Rosengård,
katika sanduku la vinavyotupwa.
Chukua, alisema Gunvor wa mapokezi,
hakijaazimwa tangu tukinunue.
Pembe za jalada zimeliwa na panya,
kurasa za mwisho hazipo.
Mwandishi alikuwa mpima maji wa serikali,
alizunguka bonde la Khabur kwa punda na kwa lori,
mtu mkavu, hana neno tamu hata moja,
anahesabu visima
kama anayeandika rambirambi za matanga.

Hasemi mgogoro. Hasemi pande zote mbili.
Anasema: mwaka huu maji yalikuwa mita nane.
Mwaka uliofuata, kumi na tano.
Anasema: benki imewakopesha pampu wenye pamba,
mwenye shayiri amebaki na kamba na ndoo.
Anasema: niliandika ripoti. Waliipokea.
Walinipa chai.

Ukurasa wa mia na kumi na mbili
niliusoma nimesimama kituo cha basi,
theluji ikidondokea herufi:
*Tal Rumman, nyumba arobaini.
Mwanamke asiye na kidole cha shahada
alinipa maziwa ya mgando, akakataa pesa.
Akaniuliza: mpima, mto ukifa huzikwa wapi?
Sikumjibu. Nilipima kisima chake.
Mita ishirini na mbili.*

Bibi yangu.
Kidole kilikwenda na mundu, msimu wa mavuno,
nasi wajukuu tulikuwa tukikitafuta kwenye mabua
kwa mchezo, miaka mingi baadaye.
Basi namba tano likaja, likaenda.
Nilichelewa kazini, nikakatwa nusu saa.

Usiku nikamsomea Mudar.
Vitabu vya nini, akasema, watu wanakufa.
Sikubishana.
Dada yake yuko Hasaka, simu haishiki tangu Jumapili,
na mpima wangu, na mita zake zote,
hawezi kuniambia kama Shamsa yu hai.
Nikafunga kitabu, nikamenya vitunguu.
Machozi yakapata kisingizio.

Yalipofika matangazo ya sabuni
akabonyeza, sauti ikazimika.
Huyo mwanamke, akauliza bila kugeuka,
kisima chake kilikuwa upande wa milozi
au upande wa makaburi?
Kitabu hakisemi.
Upande wa milozi, nikasema. Nadhani.
Si kweli, akasema, milozi ilipandwa baadaye,
ilipandwa na ami yangu kwa deni la pampu,
na deni lile ndilo lililompeleka Damasko kuuza sigara,
na huko ndiko Yazan wake alikokamatwa.
Akanyamaza.
Hakuwahi kuyasema hayo kwa mpangilio huo.

Akachukua bahasha ya bili ya umeme,
akachora kijiji kwa kalamu ya mtoto, ya zambarau:
njia, kinu, visima saba.
Cha saba akakifuta kwa kidole chenye mate,
akakirudisha karibu na mto,
pale palipokuwa na mto.

Mstari mwekundu uliendelea kukimbia, bubu,
nasi tukiutupia jicho, hatukuweza kuacha.
Simu iko mezani, uso juu.
Soma tena, Mudar akasema,
soma pale pa mita nane.